Karatasi ya Wale Walionibeba

"Mama Laurence, unalalaje, na watu waliokubeba wanafukuzwa?"

Njo vile jirani yangu Mukabaranga aliniuliza asubui moja, mulangoni, hata bila kunisalimia.

Wasomaji wangu, nilikuwa bado na homa...

Ilikuwa 1953, Burungu, kwenye shamba la pareto la muzungu mumoja. Mimi mujane, nilikuwa navuna maua yake, na kanyumba nilimolala na mutoto wangu kalikuwa kake. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha.

Kifua kilinikamata, nikashindwa kusimama. Wanaume wane wa mulima wetu wakanilalisha mu ngobyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, wakanipeleka mabegani mpaka kwa munganga. Kwetu, ukisikia mugonjwa anaitiwa watu, unatoka unashika muti wa ngobyi.

Munganga akaniandikia karatasi. Niliipeleka kazini, ikapokelewa.

Lakini wale wane?

Juu ya siku ile walikosa kazi, muzungu akataka kila mumoja alete yake. Sebagabo, bwana ya Mukabaranga, akaeleza kama alikuwa anabeba mugonjwa. Akajibiwa kama munganga haandikie mabega.

Watatu wakaambiwa wafunge vitu vyao.

Watatu... na wa ine?

Wa ine alikuwa Karekezi, kapita wetu, musimamizi wa kazi. Yeye alikuwa na karatasi! Wakati mimi nahangaika na pumzi, alimuomba munganga aandike kama tumbo linamuuma. Na njo yeye alishika mbele ya ngobyi, anapanda mulima akiimba.

Nikamuomba Mungu nguvu. Sebagabo akanishika mukono mpaka ku biro ya muzungu, nikamwambia wale wane njo walinibeba.

"Karekezi alikuwa mugonjwa ao hapana?" muzungu akauliza.

Karekezi akainama karibu yangu. "Dada, fikiri mutoto wako."

"Bwana, wale wane wote walikuwa wazima, walinibeba tu. Mugonjwa nilikuwa mimi tu."

Nikafikiri nimewaokoa.

Muzungu akapasua karatasi ya Karekezi. Halafu akatafuta yangu.

"Kama munganga huyu anaandikia wazima, nitajuaje kama wewe uliumwa?"

Akaipasua nayo.

Kikohozi kikanishika palepale. Akasema kukohoa hata yeye anaweza.

Ninyi munaosoma, bosi kuuliza mugonjwa karatasi, sikatai. Lakini akimuuliza mwenye kubeba mugonjwa, kesho watu watafia ndani ya nyumba. Na wewe unayejitafutia karatasi ya uongo, unapasua ya mugonjwa wa kweli.

Muzungu akamugeukia Sebagabo, akamwambia yeye na wale wawili wabaki kazini, maana hawakudanganya; mimi na Karekezi tufunge vitu vyetu.

Sebagabo akaangalia vipande vya karatasi yangu chini. Akarudisha jembe la shamba alilokuja nalo, akaliweka juu ya meza ya muzungu, akatoka.