Mashine Iliyonukia Udi

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, na paka hakuruka.

Alikuwa paka mweusi kwenye kioo cha televisheni, amesimama ukingoni mwa paa. Mona alibonyeza kitufe chekundu, kipana kama kisahani cha kahawa. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Paka akabaki pale pale.

"Amegoma," alisema Abrar.

"Hajagoma. Hapati habari," Mona alijibu. "Kitufe hakimfikishii."

Abrar alikuwa na miaka minane. Mikono yake ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na vidole vyake havikunyooka. Mashine za michezo za dukani zina vitufe vidogo kama punje za mahindi, kwa hiyo hazikumfaa. Ndipo Mona, shangazi yake, akamuundia mashine yake mwenyewe. Ilikuwa sanduku la mbao lenye vitufe vitano vikubwa. Mtu aliweza kuvibonyeza kwa ngumi, kwa kiwiko, hata kwa kidevu.

Bi Shifa, mamake Mona, aliwatazama akiwa mlangoni mwa jikoni. Alimjua binti yake. Alipokuwa mdogo, Mona aliifungua redio ya marehemu babake, kisha akaifunga. Ikabaki skrubu moja chini, na redio ikaongea vizuri kuliko zamani. Alipokua alisomea uhandisi, akafanya kazi bandarini Kilindini, akitengeneza mitambo ya umeme ya kreni. Mwaka jana aliacha kazi hiyo ili aunde mashine za michezo. Mtaani kwao, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, watu walizoea kununua mashine kama hizo. Hawakuwa wamemwona mtu akiziunda.

"Wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo," alisema Mona. "Wakiikuta hivi, watatuaga na kwenda zao. Na watakuwa na haki."

Wageni hao walitoka katika kituo ambako Abrar hufanyishwa mazoezi ya mikono. Kama mashine ingefanya kazi mbele yao, wangeichukua itumiwe na watoto wote wa kituo. Kama ingekataa, basi.

"Si mashine, mwanangu, ni jicho la watu," alisema Bi Shifa. "Mtaa mzima washasikia. Hata muuza leso wa Biashara Street aliniuliza juzi."

"Mama, hasadi haili shaba."

"Nawe wajuaje inachokula?"

Mona akacheka, akatoka kwenda kununua kitufe kipya. Bi Shifa akaweka makaa kwenye chetezo, na juu yake kipande cha udi. Akakizungusha chetezo juu ya sanduku mara tatu, akisoma dua polepole. Feni ndogo ndani ya sanduku ilikuwa ikizunguka. Moshi ukavutwa ndani kupitia matundu ya ubavuni. Bi Shifa alifanya hivyo kila asubuhi tangu mashine ilipokamilika. Ilipoanza kusumbua, akawa anafanya asubuhi na jioni. Hakumwambia mtu, kwa kuwa dua ya mama haitangazwi.

Kitufe kipya kilifanya kazi siku chache, kisha nacho kikanyamaza.

"Ni chumvi ya bahari," Mona aliamua. "Hewa ya hapa inakula vyuma." Akafunga madirisha yote ya ukumbi.

Bi Shifa naye akazidisha udi.

Jumatano iliyofuata, Nanjala alikuja. Alikuwa mwenyeji wa Bungoma. Yeye na Mona walifanya kazi pamoja bandarini.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu. Umepotea!"

"Kazi, Mama Mona. Meli hazijui Jumapili."

Mona alichomoa waya wa mashine kwenye soketi, akafungua kifuniko. Nanjala akainama kutazama ndani. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Mona, mashine yako inanukia."

"Imeungua?"

"Haijaungua. Inanukia kama arusi."

Mona akainama pia. "Mimi sisikii kitu."

"Utasikiaje? Umezaliwa ndani ya harufu hii."

Nanjala alilowesha pamba kwa spiriti, akapangusa vipande viwili vya shaba chini ya kitufe. Pamba iligeuka rangi ya chai ya rangi. Wakainusa kwa zamu.

"Moshi wa udi una mafuta," Nanjala alieleza. "Ndiyo maana harufu yake inakaa kwenye nguo. Kwenye nguo ni jambo zuri. Lakini hapa feni inauvuta ndani, na mafuta yanaganda juu ya shaba. Vumbi na chumvi vinanata hapo. Mtoto akibonyeza kitufe, shaba hizi mbili hazigusani, kwa sababu katikati kuna utando. Umeme haupiti."

Bi Shifa aliketi polepole.

"Ni mimi," alisema. "Nimekuwa nikiifukiza. Na kila ilipokataa, nilizidisha."

Abrar akamgeukia bibi yake.

"Kumbe hasadi ni wewe, Bibi!" alisema Abrar.

Mona alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaketi kando ya mamake, akamshika mkono. "Mimi nami nilifunga madirisha, moshi ukakosa pa kutokea. Tumeshirikiana, mama."

"Lakini huenda ikawa ni chumvi tu," alisema Bi Shifa. "Mna hakika gani?"

"Tusibishane," alisema Nanjala. "Tupime."

Walichukua vitufe viwili vipya. Kimoja walikifungia kwenye mkebe wa biskuti wakati wa kufukiza tu; moshi ulipoisha wakakitoa, nacho kipigwe na hewa ya chumvi. Cha pili wakakiacha mezani muda wote, mbele ya feni ndogo. Bi Shifa aliendelea kufukiza kama kawaida. Mona alisafisha mashine kwa brashi kavu na spiriti, akaiacha ikauke kabisa, akaipeleka chumbani.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, Mona aliunganisha vitufe na kipimo cha umeme. Cha mkebeni kilipitisha umeme kila kilipobonyezwa. Cha mezani kilipitisha mara moja, kikakosa mara mbili.

Bi Shifa alivibonyeza mwenyewe. Jibu lilikuwa lile lile.

"Nimeona," alisema. "Basi udi niuache?"

"Usiuache, mama. Utaratibu ndio tubadili. Kwanza chomoa waya. Weka mashine kwenye sanduku lenye kifuniko. Fungua madirisha. Fukiza nyumba. Moshi ukiisha kabisa, ndipo uitoe."

"Na televisheni?"

"Nayo usiizungushie chetezo. Ukitaka kuipangusa, chomoa waya kwanza, tumia kitambaa kikavu."

"Maskini! Nimeifukiza miaka yote."

"Ndiyo maana inakohoa," alisema Abrar.

Saa nne wageni wawili walifika, Crispus na Emmah. Abrar aliketi mbele ya sanduku. Akainua mkono, akabonyeza kwa kiwiko.

Paka akaruka.

Akabonyeza tena, paka akavuka paa la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Hakukosa hata mara moja. Emmah akaomba zamu yake. Paka wake alianguka kwenye paa la kwanza.

"Vidole vyako vizima," Abrar alimwambia. "Tatizo liko wapi?"

Crispus alicheka, kisha akamgeukia Mona. "Tunaweza kuichukua leo?"

Mona alivaa buibui ili aende nao kuifunga mashine kituoni. Crispus akabeba sanduku. Mlangoni alimkuta Bi Shifa, chetezo mkononi, makaa yakiwaka.

"Tangulia nayo, baba," alisema Bi Shifa. "Na huko kwenu haifukizwi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Bi Shifa alisubiri mpaka sanduku likapinda kona ya kichochoro. Ndipo akaweka udi juu ya makaa, akamsogelea binti yake.

"Mama, nachelewa."

"Wewe huna feni. Simama."

Mona akasimama. Chetezo kikamzunguka mara tatu.