Wagonjwa wa Daktari Elinipa

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Katubuka, lakini mashine ya mionzi iliendelea kunguruma. Nesi Restituta alizima swichi kuu. Ikazidi kunguruma, na chumba kikajaa harufu ya ngozi iliyoungua.

Harufu hiyo aliijua. Ilikuwa ya Kasiani, mkulima wa Kidahwe aliyekuja na uvimbe shingoni. Daktari Elinipa, mwenye hospitali, alimwambia atamtibu bure. Hakumwambia kwamba uvimbe ule ulihitaji kisu tu, wala kwamba kila wiki alimwongezea mionzi ili apime mwili wa mtu unastahimili kiasi gani. Shingo ikaoza. Kasiani akafa akiomba maji asiyoweza kuyameza. Restituta alijua yote, akanyamaza.

Tangu siku aliyokufa, mlango wa chumba cha mionzi ukawa unajifungua mchana kweupe, na nyayo pekupeku zikatoka, zikapita katikati ya wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi, zikamfuata Restituta mpaka dirisha la dawa, na pumzi ya moto ikamgusa sikio ikisema, "Maji, binti yangu."

Daktari akamwita Mzee Hamdani, mganga wa Ujiji. Alifukiza ubani chumbani, akasoma dua, kisha akatoka.

"Nimefukuza majini ya ziwani na ya milimani," alinong'ona. "Huyu si jini. Ni mtu mliyemdhulumu."

"Mfukuze, mzee! Nimekuitia nini?"

"Mwenye haki hafukuzwi. Nendeni mkawaambie ndugu zake ukweli."

Alipoondoka, daktari alimshika Restituta mkono. "Ukifungua mdomo, tutafungwa wote wawili."

"Basi tufungwe."

Akapanda bodaboda na sare yake hadi Kidahwe. Veneranda, mjane wa Kasiani, alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulimwona anaungua?"

"Nilimwona, mama."

"Na kesho yake ukamrudisha tena mle ndani?"

Veneranda akatema mate chini. "Twende polisi. Utayasema hayo hayo."

Jioni Elinipa alisimama kwenye korido ya hospitali yake, pingu mikononi. Inspekta Erasto alikuwa na mafaili kumi na moja ya waliofanyiwa majaribio, akaanza kusoma majina.

"Kasiani."

"Naam," sauti ikaitika kutoka chumba kitupu cha mionzi.

Inspekta akashusha faili.

"Soma," Veneranda akasema.

Akaendelea kusoma kwa sauti iliyokauka, na kila jina likaitikiwa. Restituta alidhani waliokufa walikuwa wanne tu. Wengine waliruhusiwa kwenda kwao Bangwe na Kasulu, wala hakuna aliyefuatilia habari zao.

Waliitika wote kumi na mmoja.