Jumamosi Moja ya Mzee Nipo

Kila siku baada ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alivua sare, akafagia ua, kisha akasimama katikati ya sebule na kusoma kwa sauti. Alisoma chochote kilichomfikia mkononi: kitabu cha sayansi, gazeti la juzi, hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Sauti yake ilivuka ukuta na kuwafikia majirani, watake wasitake. Babu yake ndiye aliyembandika jina la Redio, na jina likaganda. Hata walimu walimwita hivyo.

Wiki hiyo Redio alikuwa na kazi maalumu. Babu alikuwa amefariki mwezi mmoja uliopita, na Jumapili kanisa lingefanya ibada ya kumkumbuka. Baba yake Redio, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu maisha ya Babu. Redio ndiye aliyechaguliwa kuzisoma mbele ya watu wote.

Basi Alhamisi jioni alisimama pale sebuleni, karatasi mkononi. Baba alikuwa ameketi akimsikiliza, vumbi la chuma bado limetanda kwenye nyusi zake.

"Babu yetu alikuwa seremala," Redio alisoma. "Benchi lolote la kanisa lililolegea mguu, alilitengeneza yeye bila kuombwa mara mbili. Mvua zilipokaribia, aliingia kwenye mtaro wa mtaa na koleo lake akazibua. Kila alipoitwa alijibu neno moja tu: 'Nipo.' Ndiyo maana watu wakamwita Mzee Nipo. Na kwa miaka tisa alimchotea maji bibi mshonaji, hakukosa Jumamosi hata..."

Sauti ikakatika.

"Vipi, Redio? Betri zimekwisha?" Baba akamtania.

"Koo limekauka, Baba."

"Kanywe maji, urudi. Hapo ndipo pazuri kuliko pote, usipaharibu."

Redio akaenda jikoni, lakini hakunywa maji. Alisimama tu akiitazama ndoo. Koo lake halikuwa na tatizo lolote. Kilichomkaba ni kwamba sentensi ile haikuwa kweli, na aliyeifanya isiwe kweli ni yeye mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Ubaoni, kando ya mlango wa kanisa, kulikuwa na karatasi ndefu yenye tarehe za mwaka mzima na kazi za kujitolea: kufagia kanisa, kuwatembelea wagonjwa, kumchotea maji bibi mshonaji. Bibi huyo alikuwa amewashonea sare nusu ya watoto wa mtaa, lakini sasa macho yake yalikuwa yamefifia na magoti yamegoma. Bomba la maji lilikuwa mbali na kwake. Kila mwaka ulipoanza, watu waliandika majina yao kwenye karatasi ile. Wengine waliandika kwa herufi ndogo ndogo, kama vile waliogopa karatasi itawashika mkono. Babu hakuandika jina. Alitoa penseli yake nene ya useremala, akaandika "Nipo" kwenye Jumamosi zote za bibi mshonaji, tangu Januari hadi Desemba.

Kifua kilipomwangusha kitandani, alimtuma mjukuu wake. Jumamosi ya kwanza Redio alikwenda. Alibeba ndoo safari sita mpaka pipa la bibi likajaa. Jumamosi ya pili kulikuwa na shindano la kuruka kamba, mtaa wao na mtaa wa pili. Redio akajiambia ataruka kidogo tu, kisha aende. Kidogo hiyo ikazaa kidogo nyingine, mpaka jua likazama. Alipoingia nyumbani, Babu alifungua jicho moja.

"Umefika kwa bibi?"

"Nimefika, Babu."

"Pipa limejaa?"

"Pomoni!"

"Ahsante, Redio yangu. Sasa nitalala vizuri."

Jumanne Babu akafariki. Redio alilia mpaka macho yakavimba, na watu wakasema, "Huyu mtoto alimpenda babu yake." Walisema kweli, alimpenda sana. Lakini hawakujua kwamba baadhi ya machozi yale yalikuwa ya neno moja tu, "pomoni."

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya ibada, Redio alipiga moyo konde. Aliamua kwenda kwa bibi mshonaji kuungama. Njia ilipita mbele ya kanisa, na karatasi ilikuwa bado pale ubaoni. Akaona mwandiko wa Babu, mnene na ulioinama kidogo: Nipo, Nipo, Nipo, mpaka mwisho wa mwaka. Akaharakisha hatua.

"Hodi, Bibi!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mjukuu wa Mzee Nipo."

"Aa! Ingia, ingia mwanangu."

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe, na utepe wa kupimia ulining'inia kwenye msumari. Bibi alikuwa ameketi kando ya dirisha, midomo yake imekauka na kupasuka.

"Ningekukaribisha japo kikombe cha chai," alisema, "lakini leo jiko langu limepumzika."

Redio akalitazama pipa pale pembeni. Akafunua kifuniko. Ndani hamkuwa na tone, na buibui alikuwa ameshajenga utando wake chini bila wasiwasi wowote.

"Bibi! Nani anakuchotea maji siku hizi?"

"Mpangaji wa nyumba ya pili hunipa jagi akikumbuka. Nusu nakunywa, nusu naoshea uso. Kwa mwili wa kizee, yanatosha."

"Na watu wa kanisani?"

"Labda wamebanwa na kazi," bibi akajibu, akijitahidi kutabasamu.

Ndipo Redio akaikumbuka ile karatasi. Watu wote waliopita mlango ule wa kanisa waliitupia macho, wakaona Jumamosi za bibi zimeshachukuliwa, wakaenda zao kwa amani. Walimzika Mzee Nipo, wakamlilia, lakini hakuna aliyekumbuka kumwondoa kwenye zamu. Mwezi mzima marehemu ndiye aliyekuwa akitegemewa kubeba ndoo.

 Redio alichukua ndoo akatoka. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yakamlowesha gauni, mkono ukamwuma, akabadilisha mkono. Baada ya safari ya sita pipa lilikuwa limejaa, pomoni kweli safari hii. Bibi alikunywa vikombe viwili bila kupumzika, na Redio akatazama pembeni kwa aibu. Kisha akaketi sakafuni, karibu na miguu ya bibi.

"Bibi, ile Jumamosi ya mwisho kabla Babu hajafariki..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikaa mlangoni mpaka jua likazama. Babu yako hawezi kukosa bila kutuma mtu. Nikajua katuma, na aliyetumwa kapotelea njiani. Halafu nikasikia kelele za kuruka kamba kule uwanjani." Bibi akacheka kidogo. "Macho yangu ndiyo mabovu, mwanangu, masikio ni mazima. Na hiyo sauti yako, nani asiyeijua?"

Redio akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nimwambie nani? Mgonjwa? Angetoka kitandani aje na ndoo yake. Mimi namjua yule mzee."

Machozi yakamwagika. Redio aliomba msamaha kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutumia, na bibi akampapasa kichwa mpaka akatulia.

"Na kesho nimepewa kusoma kwamba hakukosa Jumamosi hata moja," Redio alisema akifuta pua.

"Yeye hakukosa. Alituma mtu," bibi akajibu. "Ila utasoma nini kesho, hiyo nguo sikushonei. Utaishona mwenyewe."

Redio alirudi mbio mpaka karakana ya baba yake. Baba alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akasikiliza. Kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyokunjamana.

"Ulimdanganya Babu? Kitandani?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Baba akaiweka miwani chini kwa kishindo. Alikuwa na hasira, na Redio aliiona. Hatimaye akasema, "Basi tuufute huo mstari. Ruka hapo, soma mengine. Hakuna atakayejua."

Kwa kweli Redio angefurahi kuishia hapo. Lakini aliikumbuka midomo ya bibi.

"Tukiufuta, Baba, bibi atabaki bila maji. Nimekuta pipa lake kavu kabisa. Watu wanaona 'Nipo' kwenye karatasi, wanadhani pana mtu."

 Baba akaketi juu ya boksi la vifaa.

"Na mimi naiona ile karatasi kila Jumapili," akasema polepole. "Mimi, mwanawe wa kumzaa! Naona mwandiko wake, nafurahi moyoni, naingia zangu kuimba." Akajipangusa uso kwa kiganja kilichojaa masizi, akauchafua zaidi. "Soma kweli, mwanangu. Nitakaa benchi la mbele. Ukitetemeka, nitazame mimi."

Jumapili kanisa lilijaa. Redio alisimama mbele, akasoma habari za mabenchi, mtaro na neno "Nipo." Watu walitikisa vichwa na kutabasamu. Mama mmoja akasema, "Kabisa! Ndivyo alivyokuwa!" Alipofika kwenye mstari wa Jumamosi, Redio aliishusha karatasi.  Akamtazama baba yake, akavuta pumzi.

"Hapa pameandikwa kwamba Babu hakukosa Jumamosi hata moja. Lakini ipo moja ambayo bibi alikosa maji, na kosa ni langu. Babu alinituma, mimi nikaenda kucheza. Akaniuliza, nikamdanganya. Alikufa akiamini pipa limejaa."  "Jana nimekwenda kwa bibi. Tangu Babu azikwe, hakuna aliyemchotea maji. Karatasi pale mlangoni inasema 'Nipo,' lakini Babu hayupo."

 Mtu akakohoa. Wengine wakainamisha vichwa, kana kwamba wamedondosha kitu chini ya benchi. Mchungaji alisimama, akatoka mpaka mlangoni, akarudi na ile karatasi ndefu. Akaiinua juu ili wote waione.

"Mimi hupita hapa kila siku," alisema. "Kila siku! Kwa hiyo sitamnyooshea mtu kidole. Mtoto huyu angeweza kunyamaza, nasi tungemsifu kwa kusoma vizuri. Amejiaibisha mbele yetu ili bibi apate maji. Uongo wake ulimnyima bibi Jumamosi moja, na ameutubu. Uzembe wetu umemnyima nne, na hata hatukujua kama tuna la kutubu."

Akaigeuza karatasi, akautazama ule mwandiko mnene.

"Tulimwita mzee wetu 'Nipo' mpaka tukasahau maana yake. Tulilifanya jina lake, tukamwachia yeye. Lakini yeye hakuwa akiandika jina. Alikuwa akijibu. Penye shida paliita, naye akajibu. Watoto, sikieni, na wakubwa pia: tukitaka kumkumbuka mtu mwema, tusiishie kumsifu. Tuseme kweli tunapokosea, kisha tujibu tunapoitwa."

Baada ya ibada palikuwa na msongamano mbele ya ubao. Penseli ilikuwa moja, na watu waliigombania kama watoto. Baba akaandika, kisha akampa Redio. Redio alipekua mistari yote, akapata nafasi ndogo ukingoni, akaandika "Nipo" kwa herufi kubwa ili mwandiko mwingine usiweze kuzifunika.

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema, akashika ndoo yake. Huku nyuma watoto wa mtaa walikuwa wakifunga kamba na kumwita. "Nikirudi!" akawajibu, bila kupunguza mwendo. Alipofika kwa bibi mshonaji alikuta pipa limejaa, sufuria zimejaa, hata beseni la kufulia limejaa. Mlangoni walisimama mpangaji wa nyumba ya pili, mama mmoja wa kwaya na baba yake mwenyewe, kila mtu na ndoo yake, kila mmoja akisisitiza kwamba zamu ni yake.

"Jamani, mnataka kunizamisha?" bibi alipiga kelele kutoka ndani, akicheka. "Na huyo aliyefika sasa hivi ni nani?"

"Nipo, Bibi!" Redio akaitika.

Bibi aligeuza uso kuelekea mlangoni. 

"Siku hizi akina Nipo wamekuwa wengi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Haya, acha ndoo, ingia unisomee gazeti. Na usome kwa sauti yako ileile. Nataka majirani wasikie."