Kinachoamka Kwanza

Simu ilikuwa imetolewa betri, imelala kifudifudi mezani, lakini Driwaru alipoigusa ilikuwa na joto la mwili. Tena ilinuka udongo uliolowa, na Koboko, mji wa mpakani, haukuwa umeonja mvua tangu Krismasi.

Angekuwa na nguvu angeogopa. Lakini ilikuwa siku ya soko, na fundi huyo wa simu alikuwa hoi bin taabani. Kila aliyefika mlangoni alibisha hodi, naye akamjibu "karibu" bila kuinua kichwa.

Mwenye simu, Kahindo, mjane muuza vitenge kutoka upande wa Kongo, aliketi pembeni yake. Mafundi wa Arua walimwambia dawa ni moja tu, kufuta kila kitu. Alikataa. Ndani mlikuwa na sauti ya Serge, marehemu mumewe, na hakuwa na nyingine duniani.

"Mama, usifute," alinong'ona.

Driwaru akamweleza ugonjwa wa simu yake. "Simu haiamuke mara moja. Iko kitu kidogo inaamuka kwanza, kwa giza. Inaangalia kama nyumba iko sawa, halafu inaita mkubwa yake. Mkubwa anaita wengine, ndiyo unaona picha. Hii yako, ile kidogo inaita, hakuna mutu anaitika."

Akarudisha betri. Nembo ikawaka, ikazima, ikawaka tena, kama ilivyofanya mchana kutwa. Harufu ya udongo ikazidi, kelele za soko zikafifia, na sauti nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali, ikasema hodi.

"Karibu," Driwaru akajibu.

Kahindo akamshika mkono. "Unajibu nani?"

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Simu ikaamka. Picha zikaja, sauti ya Serge ikaja, ikimwuliza mkewe kama amekula, na Kahindo akalia kwa furaha. Kisha simu ikazima, ikapoa, isiwake tena. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni wa namna gani.

Tangu siku hiyo Driwaru alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala. Kila asubuhi alifumbua macho akakuta sigiri imewashwa, chai imemiminwa vikombe viwili, miguu yake ina vumbi, vidole vinanuka udongo, naye akajua kwamba ndani yake kuna kitu kinachoamka kwanza, gizani, kinakagua nyumba, ndipo kinamwita yeye, na kwamba kila siku kinakawia zaidi kumwita. Aliogopa siku ambayo hakitamwita kabisa.

Akawaaga majirani wa soko, akawaambia anakwenda Logiri kwa Aliga, anayefukuza majini kwa maombi.

Siku ya safari aliamka jua limeshapanda. Kahindo alikuwa ameketi karibu na kitanda, kikombe cha pili mkononi, macho mekundu.

"Nakuja kila asubuhi," alisema polepole. "Napiga hodi, bwana yangu ananijibu. Tunaongea mpaka wewe unaamuka. Sasa nasikia unaenda Logiri." Akaweka kikombe chini. "Mama, usifute."

Driwaru alitaka kukataa. Alimwonea huruma, lakini nafsi yake mwenyewe aliitaka zaidi. Ila alikuwa amechoka mno, na kabla hajapata neno lake, kinywa chake kikafunguka, kikajibu kwa sauti ya kiume.

"Hatafuta, Kahindo. Umekula?"