Swali la Bi Kwanini

Kila jioni msichana mmoja alifungua mlango wa nyumba tupu, akavua viatu, akapasha moto chakula alichoachiwa. Mama yake alishona nguo kiwandani, zamu ya jioni, kwa hiyo msichana alikula peke yake. Shuleni nako alikuwa mpweke, maana wenzake walikwisha kuyachoka maswali yake na kumbandika jina la Bi Kwanini.

Yeye na binamu yake walikuwa kundi moja la maonyesho ya sayansi. Walimulika unywele mmoja kwa tochi ya leza, na ukutani ikatokea mistari ya mwanga na giza. Binamu akaandika kwenye bango: mwanga ni mawimbi, basi. Lakini Bi Kwanini alikuwa amesoma kwamba mwanga ukipunguzwa sana hufika chembe moja moja, na chembe hizo zikishakuwa nyingi huchora mistari ile ile. Sasa chembe iliyo peke yake inajuaje pa kutua? Aliuliza na kuuliza mpaka binamu akamwambia akae pembeni, asije akawakosesha ushindi. Jamani, iliuma. Alikwenda benchi la nyuma darasani akalia kimyakimya.

Siku ya maonyesho, yaliyofanyika darasani humo, alikaa pale pale. Mgeni wa heshima, mama mmoja mtafiti wa fizikia, akalisoma bango la kundi lao.

"Na chembe zikija moja moja, je?" akauliza.

Binamu akalitazama tena bango lake. Akageukia benchi la nyuma.

"Njoo," akasema kwa sauti ya chini. "Swali lako limekuja."

Bi Kwanini akaja. Akaeleza aliyoyasoma, kisha akasema ukweli.

"Hesabu zinatuambia mistari itatokea wapi. Kwa nini iwe hivyo, sijui. Nimetafuta sana."

"Hata mimi sijui, mwanangu," mgeni akajibu. "Tunaosoma misingi ya nadharia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, bado tunabishana." Akainua simu yake, akawaambia wote kwamba isingekuwepo kama watu wa zamani wasingeng'ang'ania maswali kama hayo, yaliyoonekana hayana faida. "Usipojua, sema hujui, halafu endelea kuuliza. Ulidhani uko peke yako? Tuko wengi."

Binamu alichukua kalamu, akalikata neno "basi" kwenye bango. Jioni alimsindikiza Bi Kwanini mpaka nyumbani, wakala pamoja wakibishana, na chakula kikapoa.