Ukuta Uliokula Mwanga

Mama Cherehani alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa ameshona kwa miaka kumi na minane, na sifa zake zilijaa mtaa mzima. Asubuhi moja mteja alimrudishia suruali nyeusi.

"Mama, hebu tazama. Umenishonea kwa uzi wa bluu."

Mama Cherehani aliipeleka mlangoni. Kweli, bluu tupu! Aliona haya. Aliomba radhi, akaanza kufumua.

"Macho yamenizeekea," alimwambia mumewe. "Labda niache kushona."

Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya atembee kifua mbele.

Jirani yao, fundi rangi, alikuwa ameleta ovaroli yake kutiwa kiraka. Alizitazama kuta za kahawia iliyokolea.

"Shemeji, pale mlangoni uzi uliuona?"

"Niliuona vizuri."

"Basi macho hayana kosa. Mwenye kosa ni ukuta."

"Ukuta? Nilichagua rangi hii ili isionyeshe uchafu."

"Rangi iliyokolea humeza mwanga. Rangi nyepesi huurudisha chumbani. Dirisha lako ni moja, tena dogo, na ukuta unakula hata hicho kidogo."

Mumewe alicheka. "Kumbe tunaishi na mlafi!"

"Lakini nyeupe itachafuka upesi," alisema Mama Cherehani.

"Chini, watu wanapoegemea, acha kahawia. Juu na kwenye dari, paka rangi ya maziwa. Ila jaribu kipande kwanza, ukitazame asubuhi na jioni. Rangi uliyoiona dukani hubadilika ikifika ukutani."

"Na chumba cha kulala? Huyu mume wangu ni mlinzi wa usiku, hulala mchana."

"Huko mwachie giza lake. Kila chumba na kazi yake."

Walijaribu kipande, wakakipenda. Waliosha kuta, wakapaka juu na kwenye dari rangi ya msingi ili kahawia isijitokeze, kisha rangi ya maziwa mara mbili. Mume alitoka na nyusi nyeupe pee.

"Karibu, babu!" mkewe alimtania.

Wiki iliyofuata, Mama Cherehani alishona suti nyeusi bila kunyanyuka kitini. Kila mshono ulinyooka. Mteja alisimama katikati ya chumba, akashangaa.

"Umeweka taa mpya?"

"Taa ni ile ile. Tumebadili rangi."

"Fundi gani kawapakia?"

Mama Cherehani aliweka mkasi chini, akanyoosha mgongo. "Sisi wenyewe."

Kutoka chumba cha kulala, sauti nzito ya usingizi ilisikika:

"Mwambie dari nilipaka mimi!"