Kondoo wa Mwavita

Mfupa wa akika hauvunjwi. Kila mpishi wa mtaa wa Kataki alilijua hilo kabla hajajua kuosha mchele: nyama ya kondoo anayechinjiwa mtoto mchanga hukatwa kwenye viungo kwa ncha ya kisu, taratibu, mifupa ibaki mizima ili na viungo vya mtoto vibaki vizima, halafu mifupa hufungwa kwenye kitambaa na kuzikwa. Kwa hiyo Émérence alipousikia mfupa ukivunjika nyuma ya jiko, wakati wa adhana ya alasiri, siku moja tu baada ya akika ya mwanawe, alidhani mbwa amefukua. Akatoka na mwiko mkononi. Hapakuwa na mbwa. Udongo alioukanyaga mwenyewe jana ulikuwa vilevile, na nyayo zake juu yake.

Kisha sauti ya mfupa uleule ikaja tena, kutoka chini. Ko! Ikafuatwa na sauti ya kitu kinachofyonza uboho bila haraka.

"Papa Yunusi," alinong'ona, "kuja usikie. Kuko kitu chini ya udongo."

"Ni panya," mumewe akajibu kutoka ndani.

"Panya inavunja mufupa?"

"Muzazi hasimamagi kwa upepo. Ingia."

Huyo alikuwa Bulaimu, mchinjaji. Miaka ile ya Zaire, kila Mwislamu wa Kalemie alikula nyama ya kisu chake, na hata Wakatoliki kutoka Moba walimwita arusini ili wageni wao wote wale pasipo wasiwasi. Alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari, jambo ambalo ni ugonjwa. Miaka tisa mtaa ulimwita Papa Mwavita, kwa jina la binti yake wa kwanza. Tangu azaliwe mtoto wa kiume alitaka aitwe Papa Yunusi, na aliyesahau alipimiwa mafupa na ngozi.

Jioni ile Émérence alipomwogesha mtoto, mguu wa kulia ulining'inia tu. Aliukunja, ukaanguka. Akamwita jirani yake Julienne, aliyekuwa muuguzi, naye akaupapasa mguu ule toka nyonga hadi kisigino.

"Mufupa ni muzima," Julienne alisema. "Lakini hausikii. Nimemufinya, halii."

Siku ya pili, alasiri, mfupa mwingine ulivunjika chini ya udongo, na mguu wa kushoto ukalegea. Siku ya tatu ukafuata mkono wa kulia. Chumba cha mzazi kilianza kunuka manyoya ya kondoo yaliyoloa, na hakuna dirisha wala ubani ulioiondoa harufu ile. Émérence, aliyesilimu mwaka mmoja tu uliopita na bado alikuwa akihesabu rakaa kwa vidole, aliona kwamba sasa hakuna wa kumngoja. Akachukua jembe akaifukua mifupa mwenyewe.

Mafurushi yalikuwa mawili, kwa kuwa mtoto wa kiume huchinjiwa kondoo wawili. La kwanza alilifunga kwa shuka nyeupe. Shuka haikutosha, la pili akalifunga kwa kipande cha kitenge chake. Lile jeupe lilikuwa kamili. Lile la kitenge fundo lake halikuguswa, lakini alipolifungua alikuta mifupa mirefu mitatu imepasuliwa katikati, mitupu ndani, safi kama iliyooshwa, wala haina alama ya jino lolote.

"Papa Yunusi, ile kondoo ya pili uliitoa wapi?"

"Nilikuambia. Soko ya Nyemba."

"Zote mbili?"

"Zote mbili! Unanifanyia polisi mu nyumba yangu?"

Alisema hivyo huku akinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali. Mke anayemjua mumewe haulizi mara ya tatu.

Bahati ilikuwa kwamba Maalimu Bilali, imamu wa msikiti wao mdogo, alirudi siku ile kutoka Kigoma. Alikuja kumwombea mtoto. Aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, akakitazama kile kitenge, halafu akaangalia kando ya ukuta, kwenye kigingi chenye kamba iliyokatwa.

"Bulaimu," akasema polepole, "kondoo ya Mayasa iko wapi?"

Mayasa alikuwa mke wa kwanza. Alimzaa Mwavita, na siku ya saba Bulaimu hakuchinja. Alisema msichana anaweza kungoja. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine, na mtoto akabaki anangoja. Mwishowe Mayasa alipata mwanakondoo, akamlea yeye mwenyewe kwa maganda ya muhogo, akasema hii ndiyo akika ya mwanangu, baba apende asipende. Homa ikamwahi kabla kondoo hajakomaa. Hata arobaini yake haikupita Bulaimu alishampeleka Mwavita Zongwe kwa nyanya yake, mwendo wa boti ziwani, ili arusi mpya isiwe na mtoto wa kuitazama. Kondoo alibaki kwenye kigingi, akila majani ya uani. Émérence alipouliza siku moja, aliambiwa ni mnyama wa jirani.

"Ni kondoo tu, Maalimu," Bulaimu akasema. "Ilikula majani ya lupango yangu miaka miwili."

"Ilikuwa imeshatajwa! Munyama akishatajwa kwa ibada, hata mwenyewe habadilishi. Na mwenyewe amekufa, kwa hiyo ni ya binti yako. Mutoto anakuwaga rehani mupaka akika yake ichinjwe. Wewe umechukua ukombozi wa dada, umemupa kaka. Unafundisha watu kuchinja miaka makumi mbili, ile haukuijua?"

Aliijua. Ndilo lililomfanya ainamishe macho.

Maalimu akakaa chini, kama mtu aliyechoka ghafla. "Nilikuwa pale Mayasa akikata roho," alimwambia Émérence kwa sauti ndogo. "Alisema: hii kondoo ni akika ya Mwavita, mushuhudie nyote mulio humu, munaoonekana na musioonekana. Nikamukataza. Nikamwambia, Mama, usiite mashahidi usiowajua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka."

"Sasa ni nani aliitika, Maalimu?"

"Mufupa uliotajiwa jina la Mungu njo chakula ya majini Waislamu. Hapa kuko mumoja, wa zamani kupita hii nyumba. Alikuwa anakula mabaki yenu kwa amani, hamukumujua. Mayasa alimufanya shahidi, na ushahidi wake umedharauliwa. Sasa anadai. Miguu miwili, mukono mumoja. Imebaki mukono." Akamtazama mtoto. "Na shingo."

Dawa yake haikuwa hirizi wala kombe. Mwavita aletwe, achinjiwe kondoo asiye na kilema kwa jina lake, na baba amwombe msamaha. Kuhusu Yunusi, kondoo mmoja wa halali alitosha. Émérence akaizika mifupa tena palepale.

"Nimuombe mutoto musamaha?" Bulaimu akasema. "Mimi?"

Kiburi si maungwana. Kesho yake, badala ya kwenda bandarini kutafuta boti, mtu huyu aliyejua sheria ya kisu kuliko wote alinunua jogoo mweusi, akangoja mkewe aingie kunyonyesha, akaenda nyuma ya jiko kabla ya alasiri. Alikuwa amesikia watu wajinga wakisema jini hushibishwa kwa damu isiyotajiwa Mungu. Akachinja kimya. Akamwaga damu juu ya udongo, akasema, "Kula. Tumalizane."

Ndege wote wa lupango walinyamaza kwa pamoja, na harufu ya manyoya mabichi ikapanda kutoka ardhini ikamfunika uso, nzito, yenye joto, na yule jogoo ambaye kichwa chake kilikuwa tayari mkononi mwa Bulaimu akasimama kwa miguu yake miwili, akatembea bila kichwa hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka akafika miguuni pake akalala taratibu kama kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe, na ndipo sauti ikatoka, si chini wala juu bali karibu kabisa na sikio lake la kushoto, sauti ya mzee anayejizuia kutukana, ikamuuliza:

"Mimi ninaswali, Bulaimu. Unanipa mzoga?"

Mfupa wa nne ukavunjika. Ndani ya nyumba Émérence akapiga yowe.

Hakumlaumu kwa maneno mengi. Alimfunga mtoto mgongoni, mwana asiyeweza tena kushika hata nguo ya mamaye, akasimama mlangoni, akamgeukia mumewe.

"Ningekuwa mimi njo ule jini, ningeanza na shingo yako wewe."

Kaka yake Siméon alikuwa na boti ya uvuvi yenye mota. Walifika Zongwe giza likiwa limeingia. Nyanya wa Mwavita alitaka kumfukuza, na haki alikuwa nayo, lakini Émérence alimvua mtoto nguo akamlaza kwenye mkeka mbele ya taa. Yunusi alilala alivyowekwa. Macho tu ndiyo yalicheza. Émérence akaeleza yote, tangu kondoo hadi jogoo.

Mwavita alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kutazama moja kwa moja. Aliunyanyua mkono wa mdogo wake, akauachia, ukaanguka.

"Hii yote ni ju ya kondoo yangu?"

"Ju ya baba yako," Émérence akajibu. "Mimi sikujua, mwanangu. Lakini nyama yake niliila. Nisamehe."

Msichana akafikiri. "Nimekusamehe, mama mudogo. Na huyu mutoto hana kosa. Twende."

Waliondoka alfajiri, na ziwa likawakasirikia njia nzima. Mota ilizimika mara mbili. Walipoingia lupangoni, jua lilikuwa limeshaanza kuinama na muadhini alikuwa anatawadha. Maalimu alikuwa amemkagua yeye mwenyewe kondoo mpya, macho, masikio, meno, akamtembeza aone kama anachechemea. Bulaimu alikuwa na kisu. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alipomwona mwanawe wa kiume mgongoni mwa mamaye, shingo imeanza kuegemea upande mmoja, machozi yalimtoka, na nasema wazi kwamba yalikuwa ya kweli.

"Chinja," Maalimu akasema. "Utaje jina lake."

Bulaimu akamlaza kondoo kuelekea kibla, akashika kisu, akafungua kinywa aseme neno alilolisema kila siku ya maisha yake, na neno halikuja. Ulimi ulipanda, ukagusa meno, ukarudi. Akajaribu tena, jasho likimdondoka juu ya manyoya ya mnyama, mishipa ya shingo imesimama, na waliokuwa karibu wakasikia koo lake likikwaruza kama mlango uliofungwa kwa ndani na mtu mwenye nguvu kuliko anayesukuma, huku kule msikitini muadhini akipanda kizingiti, huku udongo wa nyuma ya jiko ukianza kutoa mlio mwembamba, mlio wa mfupa unaopindwa lakini haujakatika bado, na Émérence, aliyekwisha kumpakata mwanawe, akimshika kichwa kwa viganja viwili akilia, "Sema! Sema, muntu wa Mungu, sema!"

Hakuweza. Maalimu alimnyang'anya kisu.

"Bismillahi, Allahu Akbar. Ee Mungu, hii ni akika ya Mwavita binti Bulaimu."

Damu ikatoka pamoja na adhana. Ule mlio ukakoma. Halafu Yunusi akanyoosha mguu wa kulia, akampiga mamaye teke la kifua, akaanza kulia kilio kikubwa, cha njaa, na Julienne aliyesimama kando ya ukuta akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Walikula wote. Mifupa ilikatwa viungoni, ikafungwa, ikazikwa. Chumba cha mzazi kilinuka tena maziwa na sabuni.

Asubuhi Bulaimu alikwenda kazini. Mbuzi watatu walikuwa wanamngoja. Kwa wa kwanza alifungua kinywa, na ulimi ukamgomea. Aliweza kusema habari ya asubuhi, aliweza kusema bei, aliweza hata kuswali. Lakini kisu kikiwa mkononi, jina la Mungu halikumtoka. Mpaka adhuhuri soko zima lilijua, na mpaka Ijumaa hapakuwa na Mwislamu Kalemie ambaye angegusa nyama yake, kwa kuwa aliyoichinja ilikuwa mzoga.

"Mupaka lini, Maalimu?"

"Usiniulize mimi. Uliza mwenye haki."

Alimkuta Mwavita nyuma ya jiko, anasugua sufuria kwa mchanga. Mtu mzima yule, ambaye wazee walimpisha njia, akapiga magoti kwenye maji machafu.

"Binti yangu, nimekosa. Nisamehe."

Mwavita aliendelea kusugua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

"Baba, niko na miaka tisa," akasema. "Mimi niliweza kungoja, na wewe unaweza. Nikishakuwa mukubwa, nitafikiri."

Na pembeni yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, sauti ya mzee ikaitika kwa utulivu:

"Amina."